Mashine Isiyohitaji Umeme

Bibi yetu, mama yake baba, alikuwa hatoki. Ukimwambia twende hata kwa jirani, anakaa kitandani kwake, ufunguo uko shingoni kwenye kamba ya kiatu, anasema, "Nendeni tu, mtanikuta."

Chumba chake ndicho cha mbele, chenye dirisha la barabarani. Babu alifia humo. Na sasa baba mdogo, kitinda mimba wa Bibi, alikuwa anaoa, na mchumba wake alishasema hawezi kuanzia maisha kwenye chumba kisicho na dirisha. Bibi angehamia stoo ya nyuma, tunakoweka mapipa.

Walimbembeleza, akakaa kitandani. Walimfokea, akakaa kitandani. Siku moja baba alianza kuvuta kabati, Bibi akajilaza chini mlangoni kama mtoto anayekataa kuoga, baba akaona haya, akalirudisha.

Aliyepata dawa ni shangazi. Shangazi anamjua mama yake. Bibi alikuwa mpishi wa hospitali mpaka alipostaafu, anakoroga masufuria ambayo mtu mzima angeweza kuogea. Akitoka huko anakuja kupika nyumbani. Sijawahi kumwona amekaa akala na watu. Anakula mwisho, amesimama, anakwangua kilichogandia chini. Na akishashika moto haondoki mpaka wa mwisho ashibe. Hata siku babu alipozidiwa, alimaliza kwanza kuwapakulia waliokuja kumwona.

"Hoteli ya kawaida haifai," shangazi alisema. "Atakunywa maji, atasema nirudisheni. Tumpeleke kule kwa Wachina, moto uko mezani, mtu unajichomea mwenyewe. Mkimweka mbele ya ule moto, fundi huku nyumbani anaweza hata kupaka rangi."

Baba mdogo alicheka mpaka akajifuta machozi. Wakakubaliana baba asingizie tumbo, abaki na seremala.

Bibi aliambiwa ni kumkaribisha mkwe, ndiyo maana alikubali. Akavaa viatu alivyopewa siku ya kustaafu. Akafunga mlango wake, akakivuta kitasa, akakivuta tena.

"Tumbo vipi, mwanangu?"

"Linakata, Mama. Nendeni tu," baba akajibu, kainama kabisa.

Huko kwa Wachina meza ina shimo katikati. Mhudumu akaja na trei ya makaa, akaitumbukiza, akapanga mishikaki juu ya vyuma viwili vyenye meno. Kisha akabonyeza kitufe, na mishikaki yote ikaanza kujizungusha yenyewe, taratibu, bila mkono wa mtu.

Bibi akaitazama. Akaweka mikono mapajani.

"Sasa kama inajigeuza, mimi nimekuja kufanya nini? Mkwe nimemwona, ni mzuri. Nirudisheni."

Shangazi akainuka haraka, akamvuta mhudumu pembeni. "Dada, zima hiyo mashine."

"Mbona ni nzima, mama?"

"Nimekwambia zima."

Vyuma vikasimama. Shangazi akarudi na uso wa huzuni. "Mama, imeharibika. Nyama itaungua jamani, nani atageuza?"

"Si nilijua!" Bibi akakunja mikono ya gauni. "Kitu hakina macho, kitajuaje iliyoiva? Sogeeni huko."

Akasimama kabisa. Nyama ya kondoo, firigisi, mabawa, uyoga, yeye anageuza, ananyunyiza pilipili na jira, anagawa. Moshi unamwingia machoni, anafuta kwa kiwiko. Vipande vizuri alimpa mchumba. "Kula mwanangu, una kiuno kama cha nyigu, mtoto atakaa wapi humo?"

"Mashine ya nini sisi?" baba mdogo akasema, kaegemea kiti. "Tuna yetu, haihitaji umeme."

Bibi alicheka kuliko wote. Alidhani anasifiwa.

Tulishiba mapema. Lakini simu ya baba mdogo ilikuwa kimya, basi akaagiza nyama nyingine, na nyingine. "Mama, bado nina njaa." Mkanda ameshaufungua chini ya meza. Nyama anaiweka mdomoni, anainama, anaitema kwenye karatasi. Shangazi vilevile. Chini ya viti kulikuwa na vifurushi vya nyama iliyotafunwa, na Bibi anaendelea kugeuza, sasa anasimamia mguu mmoja, anapumzisha mwingine.

"Mama, na wewe kula," mchumba akasema. Shangazi akamkanyaga.

Simu ikalia mlio mfupi. Baba mdogo akasoma, akafunga mkanda.

"Mama, tumeshiba."

"Wote?"

"Wote."

Hapo ndipo Bibi alipopanga mishikaki miwili ya mwisho, mmoja wake, mmoja wa baba. Wa baba aliuweka penye moto mkali. Wake ulikuwa bado mwekundu shangazi alipomwita mhudumu aondoe makaa.

"Subiri kidogo, mwanangu," Bibi akamwambia mhudumu.

"Toa tu," shangazi akasema. "Atakula nyumbani."

Bibi akaufunga ule ulioiva kwenye karatasi, akaukumbatia njia nzima usipoe.

Baba alikuwa mlangoni, unga wa mbao kwenye nywele. Bibi akampa karatasi. "Limetulia? Kula, huu sikutia pilipili."

Baba alimtazama shangazi. Shangazi akatazama viatu vyake. Baba akaufungua, akaanza kula.

Bibi akampita, akavua kamba shingoni, akachomeka ufunguo. Haukuzunguka. Akautoa, akaupangusa kwenye gauni, akachomeka tena. Kitasa kilikuwa kipya, kinang'aa, na karatasi ya dukani bado imebandikwa upande mmoja.

"Mwanangu," akaita bila kugeuka, "hebu njoo unisaidie, mlango umepatwa na nini?"

Baba akaendelea kutafuna. Mdomo ulikuwa umejaa.