Kozi Iliyokosa Wanafunzi

Phelister Nakhisa hakuwahi kushindwa kuozesha mtu. Muulize yeyote kule Nsambya, Kampala, kwenye nyumba za reli ambako yeye na mumewe Sylvanus Masinde walipanga tangu walipovuka mpaka kutoka Kenya, miaka michache baada ya vita vya themanini na sita. Bwana harusi akiwa hana kitu na bibi harusi akiwa na ndugu wengi, watu walisema, "Mpeni Madamu Phelister awe mwenyekiti," na mambo yakaenda. Maana Kampala harusi haifungwi na watu wawili. Hufungwa na mikutano. Marafiki, majirani na watu wa kazini huitwa kila wiki, mwenyekiti akawasimamisha mmoja mmoja mbele ya maharusi, na kila mtu akatamka kwa kinywa chake atasaidia nini. Ukishatamka, wenzako wamekusikia, na hao wenzako utakutana nao kanisani, sokoni na msibani. Hapo huna pa kujificha.

Hiyo ilikuwa kazi yake ya jioni. Mchana alikuwa mwalimu wa walimu. Alifundisha vijana namna ya kufundisha, na kanuni aliyoipenda kuliko zote ni ile isemayo anza na jepesi ndipo uende kwenye gumu. Aliirudia miaka nenda miaka rudi, mpaka wanafunzi wakawa wanaimalizia kabla yeye hajafika katikati. Kanuni nzuri sana, sina ugomvi nayo. Lakini ndiyo iliyotaka kummaliza.

Alipojiandikisha kusomea shahada ya uzamivu katika elimu, umri ukikaribia hamsini, alizipanga kozi zake vilevile ambavyo angepanga masomo ya darasa la tatu. Falsafa ya elimu kwanza, kwa sababu aliipenda. Ikafuata mitaala, ambayo angeweza kuifundisha akiwa amefumba macho. Kisha uongozi wa shule, saikolojia, na mbinu za kuhoji watu, ambazo alizihitaji sana, kwa kuwa alitaka kuandika juu ya watoto wa wageni wanaofundishwa kusoma kwa lugha wasiyoizungumza nyumbani. Takwimu akaiweka mwisho kabisa, peke yake. Alijiambia anafuata kanuni. Ukweli ni kwamba aliiogopa tangu akiwa msichana kule Bungoma, siku aliposimamishwa ubaoni, chaki ikamwanguka mkononi, na darasa zima likamcheka.

Basi ukafika mwaka wa mwisho. Sheria ya chuo chake haikuwa na mlango wa nyuma: asiyemaliza kozi zote hafanyi mtihani mkuu, na asiyefaulu mtihani mkuu ndani ya miaka aliyopewa anafutwa, arudi kuanza upya kama mgeni. Phelister alikuwa amebakiza takwimu tu. Akaenda ofisini kwa Dakta Ogwal, msimamizi wa masomo ya uzamivu, akiwa na uso wa mtu anayekwenda kumeza dawa chungu na amekwisha kubali.

Dakta Ogwal alikuwa mtu wa Lango, kaskazini mwa Uganda, lakini baba yake alikuwa polisi, naye alikulia kwenye kambi ya polisi hapohapo Nsambya. Kiingereza alikitumia kwa habari njema. Habari mbaya alizitoa kwa Kiswahili cha kambini.

"Madamu, ile kozi hapana iko mwaka hii."

"Haiko vipi, Daktari? Nimeiona kwa ratiba."

"Kwa ratiba iko. Watu ndio hakuna. Wewe peke yako ndio najiandikisha. Sisi hapana weza kufungua darasa ya mtu moja."

"Basi mwakani?"

Dakta Ogwal akavua miwani. "Mwakani yako imekwisha, madamu."

Akamweleza. Walioanza naye wenye ujasiri walikwisha kuisoma takwimu mapema. Waliobaki walikuwa wanaikwepa kila mwaka, kila mmoja akisubiri mwenzake aanze. Wakipatikana sita kufikia Ijumaa ya wiki ijayo, yeye Ogwal atafungua darasa likizo ya katikati ya mwaka, amweke Dakta Alum alifundishe, na watakaofaulu watauwahi mtihani mkuu wa Novemba. "Leta watu sita, na wewe ndani," alisema. "Hiyo ndio naweza."

Phelister alitoka akakaa kwenye ngazi za nje. Alijikasirikia vibaya sana. Mwalimu wa walimu, mwenye kupanga masomo ya wengine, ameshindwa kupanga yake! Jioni alimweleza Sylvanus, aliyekuwa amerudi kutoka Kikuubo, ambako aliuza masufuria kwa jumla. Sylvanus alianza kucheka, kisha akauona uso wa mkewe, akaacha.

"Na hao wengine wenye kuogopa, si unawajua?" aliuliza.

"Nawajua wote."

"Basi watafute, mama. Kidole kimoja hakivunji chawa."

Akawatafuta. Alianza na Mwalimu Okullo, mkuu wa shule ya sekondari, mtu mwenye kitambi na sauti ya kuhubiri. Okullo alimpokea vizuri, akamwagizia soda, akalisifu wazo lake. "Madamu, hiyo ni kitu muzuri sana. Mimi nitajaribu." Wa pili akasema atajaribu. Wa tatu, na wa nne pia. Sasa, mtu wa Kampala hakuambii hapana usoni; anaona ni kukosa adabu. Hukuambia atajaribu, akakusindikiza mpaka njiani, na usimwone tena. Jumatatu Phelister alipompigia simu Dakta Ogwal, jina lililoandikishwa lilikuwa lake tu.

Alipita pia kwa Kavugho Séraphine, Mkongomani wa Butembo aliyekimbia vita na sasa akishona nguo kwenye kibanda kando ya barabara ya hospitali. Séraphine alikuwa amesoma kozi zote za uzamivu isipokuwa hiyohiyo moja, kisha akaacha kwenda chuoni bila kumuaga mtu.

"Mama Phelister, mimi nilishaka acha ile mambo," alisema bila kuinua macho kutoka kwenye cherehani. "Ile hesabu ilinishinda mbele ya kuianza. Sasa niko fundi. Inatosha."

Phelister hakumbembeleza. Alimwona mwanamke ambaye ameshahamishwa mara nyingi mno na hataki tena kuhamishwa hata na rafiki.

Jumanne jioni alikuwa na mkutano wa harusi ya kijana mmoja wa reli. Akiwa mbele, akiendesha shughuli, alimwona bwana mmoja aliyekuwa amemkwepa bwana harusi majuma mawili mazima, simu hapokei, nyumbani hayupo. Bwana huyo alisimamishwa, akatazama huku na huku, akaona macho ya watu, akaahidi viti na mahema ya sherehe nzima. Watu wakapiga makofi. Phelister alikatisha sentensi katikati. Kwa nini alikuwa amewafuata wale wenzake mmoja mmoja, kila mtu na soda yake na uongo wake wa adabu? Yeye, mwenyekiti wa Nsambya nzima!

Asubuhi wale wenzake wote wa chuoni wakapata ujumbe wake wa simu: mkutano wa harusi, Alhamisi saa kumi na mbili, kwa Madamu Phelister, na asiyekuja ajue tutamjadili akiwa hayupo. Hilo la mwisho liliwaleta wote.

Sebuleni aliweka viti viwili vya maharusi mbele, kama ada. Kimoja alikikalia mwenyewe. Juu ya kile kingine alilaza kitabu kinene cha takwimu na kukifunika kwa kitambaa cheupe cha mezani. Watu walicheka mpaka Okullo akajifuta machozi.

"Chekeni, halafu mnisikize," alisema Phelister. "Huyu nimemkimbia miaka mingi. Na nyinyi mnamkimbia, msinidanganye. Nikikosa wenzangu kesho, safari yangu imeishia hapa, na ninyi mwaka kesho mtakuwa mahali nilipo leo. Sitaki hela ya mtu. Nataka usimame, useme mbele ya wenzako: nitakaa darasani. Mwalimu Okullo, anza wewe, maana kiti chako ndicho kinalia."

Okullo akainuka. "Kweli, mimi nitajaribu…"

"Ng'o! Harusini hakuna nitajaribu. Unaleta mahema au huleti?"

Nyumba ikalipuka kwa kicheko. Sylvanus, aliyekuwa amekaa mlangoni, akausukuma mlango kwa mguu ukajifunga. Okullo aliangalia mlango, akaangalia watu, akanyoosha mikono. "Haya! Mimi Okullo nitakaa darasani. Mungu anisaidie." Makofi. Maji ameyavulia nguo, lazima ayaoge. Wa pili akasimama, wa tatu naye, na wa nne, aliyekuwa anajificha nyuma ya pazia, akasimamishwa na jirani yake. Pamoja na Phelister walikuwa watano, na hapakuwa na mwingine wa kuitwa.

Séraphine alikuwa amekuja, lakini kusaidia kumimina chai tu. Alisimama karibu na kabati na chupa ya chai mkononi. Phelister alijizuia asimwangalie. Aliangalia sakafu yake mwenyewe, maana sasa alijua kwamba hata ufundi wake wote una mwisho, na kama huyu hataki, basi hataki.

Chupa ikawekwa mezani.

"Na mimi," alisema Séraphine. Sauti ilikuwa ndogo, akairudia. "Niko naogopa. Lakini na mimi nitakaa."

Vigelegele vilivyopigwa siku ile viliwatoa majirani nje. Ijumaa asubuhi Dakta Ogwal aliwakuta watu sita wamesimama mlangoni kwake kabla hajafungua, akasema kwa Kiingereza kwamba anafurahi sana.

Sasa usidhani mambo yalikwisha hapo. Dakta Alum alikuwa binti mdogo kwa umri, mkali, asiyependa hadithi. Jaribio la kwanza, aliyeshika mkia alikuwa Phelister mwenyewe. Mwenyekiti! Alirudi nyumbani hataki kula. Wenzake walikuja Jumamosi bila kuitwa, wakamkuta jikoni anasugua sufuria ambayo haikuwa chafu.

"Nimewaburuta huko na mimi ndiye nitaanguka," alisema.

"Basi utuburute tena," Okullo alijibu. "Sisi nimeahidi mbele ya watu."

Tangu hapo kila Jumamosi walisomea pale, na Phelister aliweka sharti la kimwalimu: jambo linalokushinda ndilo utakalowafundisha wenzako. Yeye alipangiwa kueleza namna vipimo vinavyotawanyika mbali na wastani wake. Alihangaika wiki nzima. Mwishowe akamwomba Sylvanus seti ya masufuria, yale yanayoingiana, akayapanga sakafuni kuanzia dogo la uji hadi lile la kupikia msibani, akatafuta saizi ya wastani, kisha akaanza kupima kila moja limeikimbia kwa kiasi gani. Alipofika la nne aliacha kupima. Akalishika masikio, akalitazama, akaanza kutabasamu peke yake.

"Kumbe ni hivi tu?" alisema. "Hili ndilo limenitesa tangu Bungoma?"

Alipiga sufuria kwa mwiko mpaka Sylvanus akaja kuokoa bidhaa yake. Hofu ya miaka yote ile ilimtoka palepale, jikoni, na mahali pake ikaingia furaha ambayo hata siku ya harusi yake hakuwa nayo, ingawa hilo Sylvanus hakuambiwa. Mtihani wa takwimu ulipofika, wote sita walipita. Phelister hakuwa wa kwanza, lakini hakuwa tena wa mwisho, naye alilitembeza jambo hilo Nsambya nzima.

Novemba waliingia mtihani mkuu, siku mbili za kuandika na ya tatu kuhojiwa na wakubwa. Majibu yalitolewa wiki iliyofuata kwenye korido. Dakta Ogwal alisimama, akawapungia mkono wasogee, akaanza kwa Kiingereza, na Phelister akajua kabla hajasikia jina. Alisikia lake, akasikia la Okullo, akasikia mengine. Kisha Ogwal akainua kichwa.

"Kavugho Séraphine iko wapi?"

Hakuwa amekuja. Alikuwa amesema ana nguo za watu za kumaliza, na kila mtu alielewa ni kwa nini.

"Amepita?" Phelister aliuliza.

"Amepita sana."

Phelister hakungoja pongezi. Aliteremka ngazi, akapanda bodaboda, akamhimiza kijana wa watu mpaka Nsambya, gauni la heshima likipepea. Kibandani alimkuta Séraphine ameinama kwenye cherehani, mteja mmoja amekaa akisubiri nguo yake.

"Umepita!" alipiga kelele kutoka barabarani. "Séraphine, umepita! Ogwal amesema umepita sana!"

Cherehani ilikwenda mpaka mwisho wa mshono. Séraphine alikata uzi, akaikunja nguo, akainuka polepole akishika ukuta. Machozi yalikuwa yanamtoka na yeye hayafuti.

"Na weye, Mama Phelister?" aliuliza. "Weye umepita?"

Phelister alikuwa amesahau kabisa habari zake mwenyewe.

"Nimepita," alisema. Alikaa juu ya vitambaa vya watu, akalia kwa sauti, na yule mteja, ambaye hakujua lolote kuhusu uzamivu, akasimama akapiga kigelegele.