Suruali Kumi na Nane za Kaki

Asubuhi ile, kule Uvira, ugomvi ulikuwa mmoja tu, nao ulikuwa wangu na mume wangu. Shule zilikaribia kufunguliwa, wateja wa sare walijaa kibarazani, na Baba Neema alikuwa hajatia kitu tumboni tangu jana. Nilimpelekea ugali na dagaa dukani, nikamwambia cherehani haitamzika. Bahati, mpiga pasi wake, alicheka hadi akaunguza kola.

Mume wangu hakukata kitambaa kabla ya kuandika jina la mteja na vipimo vyake katika daftari lenye jalada jeusi: kiuno, nyonga, urefu. Alisema nguo huchakaa, lakini mteja uliyekwisha kumpima ni wako. Nilimtania kwamba hata malaika wa mauti akija, atampima kwanza mabega.

Walikuja kabla hajanawa mikono.

Watatu waliingia na robota la kaki, wengine wakabaki nje. Wote walikuwa na bunduki.

"Suruali kumi na nane," alisema mkubwa wao. "Kesho kutwa."

Fundi wa duka la jirani alikuwa amewajibu kwamba hana uzi. Tulikuwa tumesikia mlio mmoja, tukadhani ni tairi.

Yule mkubwa akalaza bunduki juu ya cherehani, mtutu wake ukamwelekea mume wangu tumboni.

Mume wangu akachukua futi. Akachukua kalamu.

"Jina?" akauliza.

Mpaka leo siamini. Aliwaandika mmoja mmoja, jina na kiuno, na pembeni neno "askari". Mazoea yalimshika hata pale pa kufa.

Walichukua suruali zao. Siku nne baadaye mtaa wetu ulichomwa, tukakimbia na mtoto mgongoni. Vyeti vyote viliungua na nyumba. Kilichookoka ni lile daftari, kifuani mwa mume wangu, maana fundi akiwa na vipimo vya watu huamini kwamba siku moja ataanza upya.

Tulianza upya ukimbizini, mtaa wa Huruma, chumba kimoja ghorofa ya nne. Alipata kibaraza cha kushonea Kariobangi, katikati ya kelele za wagonga mabati. Tukaomba kupokewa katika nchi ya mbali. Mahojiano ya kwanza tulipita, yakabaki yale ya usalama, kwa sababu bunge la huko lilikuwa limepitisha sheria mpya ya kuwachuja wakimbizi.

"Bebeni karatasi zote," alitushauri Mama Atieno, jirani yetu muuza omena, dagaa wa huko. "Hao watu, kama huna karatasi hawakuoni."

Mume wangu alisita. "Hii kitabu iache, Mama Neema. Iko na majina mubaya."

"Msema kweli ni mpenzi wa Mungu," nilimjibu, nikalitia mkobani. Nilikuwa mjuzi sana siku zile.

Afisa alikuwa mwanamke mpole. Aliuliza kama tuna chochote kinachoonyesha kazi ya mume wangu. Mume wangu alitazama mkoba wangu. Nikalitoa daftari mimi.

Alifunua kurasa taratibu, mkalimani akimsomea. Akasimama kwenye ukurasa mmoja.

"Hawa askari ni akina nani?"

Nikasimulia yote, bunduki juu ya cherehani na yote. Nilidhani bunduki ile ndiyo itakayotutetea.

Aliandika kwa muda mrefu. Kisha mkalimani akatueleza: aliyewapa wapiganaji chakula, malazi au mavazi hapokelewi, isipokuwa shahidi asiye wa familia yake athibitishe kwamba alilazimishwa. Mimi na Neema tumepita. Yeye hapana.

Nilicheka. Nawaambia kweli, nilicheka, maana mwili haukujua la kufanya.

"Suruali?" nikauliza. "Kwa ajili ya suruali?"

Mkalimani hakulitafsiri hilo.

Shahidi alikuwa mmoja tu, Bahati. Tulimwandikia barua, jibu halikuja. Mwezi wa saba mwaka wa tisini na nane mume wangu akapanda basi la Kampala ili aendelee hadi Uvira, akasema wiki tatu, si zaidi. Nilimwambia aharakishe, wateja wa Kariobangi hawana subira.

Wiki ya tatu redio ikasema vita vimerudi Uvira.

Wiki ya sita tukapigiwa hodi. Nilifungua mlango huku nimeshaanza kutabasamu.

"Mama Neema," alisema Bahati. "Fundi iko wapi?"

Alikuwa amevuka ziwa kwenda Kigoma kabla mume wangu hajafika Uvira, akatutafuta kwa anwani ya barua yetu hadi Huruma. Nilitazama ngazi nyuma yake, hapakuwa na mtu. Mama Atieno alitoka chumbani kwake, akanishika kiuno, akawa anasema, "Pole, dada, pole," hata kabla hajaelewa.

Bahati aliapa mbele ya afisa na kueleza alichokiona. Baadaye barua ikaja: kizuizi kimeondolewa, mhusika afike mwenyewe.

Mimi na Neema tulikuwa na ruhusa ya kwenda. Hatukwenda, kwa sababu kama angerudi, chumba kile ndicho pekee alichokijua. Nchi ina haki ya kuuliza nani anaingia, na kweli mume wangu aliwavika watu walioua. Hilo nimelikubali. Kinachonikaba ni kwamba aliniambia niliache daftari. Majuto ni mjukuu, wanasema, na mimi wangu nimemlea hadi amekuwa mtu mzima. Neema hanilaumu. Wakati mwingine natamani anilaumu.

Siku ile ya barua nilikwenda ofisini na Bahati. Karani aliniuliza mhusika atafika lini. Nikamwambia alikwenda kumtafuta shahidi.

"Shahidi si huyu hapa?"

"Ndiye."

Alinitazama kidogo. Kisha akainama, akaandika kwenye faili kwamba hakufika.