Ukurasa Mmoja wa Timu ya Baba

Baba aliinunua ile jezi ya klabu moja ya Ufaransa kwenye mitumba, Mkumbara, akaivaa mpaka kola ikalegea. Siku moja akaniuliza, "Hii timu ni ya nani?"

Hakuwa anauliza mji, alikuwa anauliza mwenyewe. Alikulia kambi ya mkonge, Korogwe, na ujanani aliichezea timu ya shamba. Shamba likipata mwenyewe mpya, jezi za zamani zilikusanywa, zikaletwa nyingine. Mara ya mwisho zilikusanywa, hazikuletwa nyingine. Timu yao ikaishia hapo.

Nikamwahidi kumwandikia historia yote. Shule niliishia kidato cha pili. Kifaransa nilijifunza kwa simu, nikiwa dukani kwangu Sindeni, neno kwa neno. Nikajua kwamba klabu ile ilianzishwa na mfanyabiashara wa vitambaa, ikaokolewa na manispaa ilipofilisika, ikachukuliwa na kampuni ya televisheni, kisha na matajiri wa nje ambao hawakuwahi kuishi pale.

Nakiri ugonjwa wangu: nikikosea herufi moja, nachana ukurasa na kuanza upya. Nilitaka baba apate daftari safi.

"Umefika wapi?" aliniuliza kwenye simu, baada ya kuitikia shikamoo yangu.

"Nimebakiza kidogo, baba."

"Mwaka wa pili huu umebakiza kidogo! Nisimulie hivyo hivyo, mimi si mwalimu wako."

"Subiri, wameiuza tena. Lazima nipange upya."

Akacheka, kikohozi kikamkatiza. "Basi waambie waache kuuza, mwenzao nachoka."

Nikachana tena. Wiki ile ile akafariki.

Siku ya arobaini, nguo zake zilipogawiwa, baba mdogo aliinua ile jezi. "Na hii timu ni ya nani?"

Nikafungua daftari. Ulikuwa umebaki ukurasa mmoja tu, wa yule mfanyabiashara wa vitambaa. Nikausoma kwa sauti.

"Kisha?" akauliza.

Nikamweleza yote yaliyobaki kwa kichwa, mmiliki baada ya mmiliki, bila kukwama. Chai iliyokuwa mbele yake ilikuwa hata haijapoa.

"Kumbe unayajua yote," akasema, akanikabidhi jezi.

Nikaipokea, lakini sikuweza kumtazama usoni.