Mama Aliyepiga Vigelegele Peke Yake Katesh

Simu ya binti wa mama huyu ilinikuta shambani nikipalilia maharage kabla jua halijawa kali. "Mama amepumzika," alisema. "Aliswali alfajiri akiwa kitandani, akaniomba nimfunike vizuri, akalala. Nilipomletea uji hakuamka tena." Nilikaa kwenye tuta na jembe langu mkononi, na nitawaambia ukweli wasomaji wangu, jambo la kwanza nililolihisi halikuwa huzuni. Nilihisi nafuu. Kwa miezi mingi maumivu ya mgongo yalikuwa yamemnyima hata raha ya kukaa, na kila simu iliyotoka kwa binti huyo niliipokea kwa woga, nikidhani nitaambiwa amezidiwa, amerudishwa hospitali, analia. Sasa maumivu yamekwisha. Amekwenda akiwa nyumbani, ameshiba usingizi, na mtoto wake yuko chumba cha pili akikoroga uji. Si kila mtu anapata kuondoka hivyo. Huzuni ilikuja baadaye, nilipofika Dongobesh na kuona cherehani yake imefunikwa kitambaa.

Alikuwa fundi cherehani. Babu zake walifika kwetu na biashara zao kutoka huko Kondoa na kwingineko, wakaoa, wakajenga, na yeye alizaliwa, akaolewa na kufiwa na mume hukohuko Dongobesh. Kazi yake kubwa ilikuwa sare za shule. Watoto wetu, wa Kiislamu kwa wa Kikristo, wamesoma wakiwa wamevaa kazi ya mikono yake, na wengi wetu tulimjua kwanza akiwa na futi shingoni na pini mdomoni, akituambia tusimame wima. Lakini mimi namwandika leo kwa jambo jingine. Mama huyu alikuwa shabiki wa mpira, tena shabiki wa ugenini. Timu yetu ya wilaya ikicheza nyumbani Mbulu, mara nyingi hakuja, alikuwa na nguo za watu. Ikisafiri, alifunga duka.

Niliwahi kumuuliza sababu, nikiwa nimesimama pale nikipimwa suruali. Alisema nyumbani kila mtu anapiga kelele, hata asiyejua mpira, na timu haisikii sauti yako ni ipi. "Ugenini wachezaji wakigeuka kutazama, wanatafuta watu wao. Wakiniona mimi, wanajua kuna mtu amefunga duka kwa ajili yao. Geuka nipime nyuma."

Safari ninayotaka kuisimulia ni ile ya Katesh, kwa watu wa Hanang. Msimu uliotangulia, timu ya Hanang ilikuja kwetu ikatufunga, na basi lao lilipokuwa linatoka, baadhi ya vijana wetu walilirushia mawe. Kioo cha mbele kilivunjika na vipande vikamwingia dereva wao usoni. Tulimwona akishushwa, amefunika jicho kwa fulana iliyolowa damu, na mtu mwingine akashika usukani. Baada ya hapo tulibaki na uvumi tu. Wengine walisema jicho limetolewa. Wengine walisema mawe ya kutulipa yameshakusanywa Katesh, yanatusubiri. Kwa hiyo zamu yetu ya kwenda kucheza kwao ilipofika, watu waliokuwa wakigombania nafasi kwenye basi walianza kukumbuka misiba, harusi na ng'ombe wagonjwa. Mama alikwenda nyumba kwa nyumba akituhimiza. Kwangu alisema maneno machache: "Tusipokwenda, watajua tuliona yale mawe ni sawa." Mke wangu alinitazama, nikajua nitakwenda.

Basi lilitoka likiwa na viti vitupu vingi. Mkulima mmoja wa viazi kutoka Daudi, mtu mwenye umbo kubwa na moyo wa woga, alipanda akiwa ameficha fimbo chini ya koti. Mama aliiona kabla hajakaa.

"Hiyo ya nini?"

"Ya kuchungia, mama."

"Unakwenda kumchunga nani Katesh?"

Tulicheka, naye akashuka akaiacha kwenye duka la jirani. Lakini baada ya kicheko hicho hakuna aliyezungumza sana. Barabara ilituteremsha kutoka kwenye baridi yetu, tukapita Dareda, tukaona mlima Hanang ukiwa umevaa wingu lake, na mimi nilikuwa nikitazama kokoto za kando ya barabara, nikizipima kwa macho ni zipi zinazoenea kiganjani.

Uwanja ule hauna ukuta. Una uzio wa minyaa wenye pengo la kupitia, na siku ile vijana walikuwa wamesimama pande zote mbili za pengo, wamekunja mikono, kimya. Ningependelea watutukane. Mchezaji wa kwanza alitaka kushuka, mama akamshika bega. "Ngoja, nitangulie." Akashuka na ushungi wake wa kijani, rangi ya timu yetu, akaenda hadi kwa kijana mrefu kuliko wote, akasimama mbele yake. Alisimama tu akimtazama, kama mama yeyote anavyosimama mbele ya mtoto asiyemwamkia.

Mtu wa kwetu anajua kitu hicho kilivyo kizito. Kijana alitazama chini, akatazama wenzake, akakunjua mikono. "Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo."

"Mama yako mzima?"

"Mzima, mama."

Akasogea kwa wa pili, akasimama tena. Wa tatu hakungoja kutazamwa. Mpaka anafika mwisho wa mstari, shikamoo zilikuwa zinamfuata zenyewe, na nyingine zikaniangukia hata mimi niliyekuwa nyuma yake, nikaitika marahaba kwa sauti niliyoshindwa kuitambua. Alipomaliza aligeuka akawauliza wote kwa pamoja: "Yule dereva wenu aliyeumia kwetu, yuko wapi?"

Kijana mrefu akaonyesha kwa kidevu. "Yule, amekaa kwenye pikipiki." Mama akaanza kwenda. Sisi tukamfuata, na wao wakatufuata sisi. Mtu yule alikuwa amevaa miwani myeusi. Nilisema moyoni, basi ni kweli, jicho limekwenda, na leo tumekuja kusimama mbele yake tukiwa na jezi.

"Shikamoo mama," alisema, akishuka kwenye pikipiki.

"Marahaba. Pole, mwanangu. Waliokuumiza ni watu wetu. Nimekuja kukupa pole kabla ya mpira, maana baada ya mpira kila mtu atakuwa na hasira zake. Nionyeshe."

Akavua miwani. Kulikuwa na kovu lililoanzia kwenye nyusi likashuka karibu na shavu, na jicho lilikuwa na wekundu kidogo. Lakini lilikuwa jicho, na lilikuwa linatutazama. "Linaona, mama," alisema. "Miwani ni kwa ajili ya vumbi. Mwanzo sikuwa naona hata kidogo, nikajua kazi ya udereva basi tena. Lakini limerudi. Naendesha."

Sijui kama nimewahi kusikia neno zuri kuliko lile "linaona". Mkulima wa Daudi alisema "Asante Mungu" kwa sauti kubwa mpaka watu wakageuka. Mama alimshika dereva kidevu, akamgeuza uso kwenye mwanga, akalikagua kovu kama anavyokagua pindo la sketi. "Aliyekushona hapa alikuwa na haraka," alisema. Kicheko kikalipuka pande zote, dereva mwenyewe akacheka zaidi. "Mama, lakini leo tunawafunga," alimwambia. Mama akajibu, "Hapo sasa umeanza matusi."

Walimpa nafasi kwenye tuta la nyasi, katikati yao, na mimi nikabanana pembeni yake. Mpira ulikuwa wa kukamiana. Tulishambuliwa kipindi kizima cha pili, kipa wetu akaokoa mipira ambayo hadi leo anaisimulia kwenye harusi. Dakika za mwishoni kabisa winga wetu alikimbia na mpira pembeni, akampita beki, akapiga chini, wavu ukatikisika. Uwanja mzima ukanyamaza. Na katika ukimya ule, kando ya sikio langu, mama akasimama na kupiga vigelegele.

Nilifumba macho. Nyuma yetu mtu alisema kwa ukali, "Mama, nyamaza!" Akageuka akamjibu bila hasira, "Ningenyamaza, ningekuwa nimefuata nini huku?" Nilisubiri jiwe. Nilichosikia ni kicheko cha yule dereva, kisha cha mwingine, kisha mzee mmoja akasema, "Mwacheni, goli ni lao." Vigelegele vikaendelea mpaka pumzi ikamwishia.

Sitasema kwamba wote walifurahi. Filimbi ya mwisho ilipopigwa kulikuwa na manung'uniko, chupa ya plastiki ilirushwa kuelekea kwa mwamuzi, na sisi tukapanda basi kwa haraka kuliko heshima. Tulipokaribia Endasak tukasikia honi nyuma. Pikipiki zilikuwa zinatufuata, taa zimewashwa, watu wanapunga mikono. Dereva wetu akakanyaga mafuta.

"Simamisha," mama alisema.

"Mama, hawa wanakuja kutupiga."

"Simamisha. Tumeamkiana na hawa."

Akasimamisha. Pikipiki ya kwanza ikaja hadi mlangoni, na katikati ya vijana wawili wa Hanang, akiwa na gunzi la hindi la kuchoma mkononi, alikuwa amekaa mkulima wetu wa Daudi. Katika kukimbilia basi hatukuwa tumehesabu watu. "Mtu wenu huyu," kijana alisema akihema. "Mmemwacha anakula mahindi." Basi zima lilicheka. Mkulima yule aliingia kwa aibu, akakaa, na baada ya muda akasema kwamba mahindi ya Katesh ni matamu. Tulirudi Mbulu tukiimba, na sauti ya kila mtu ilikuwa ya mtu aliyenusurika.

Tangu hapo hakuna basi lililopigwa mawe kati yetu na wao, si kwao wala kwetu. Nimelifikiria sana jambo hilo miaka hii, ambapo vijana wetu wengi wanashabikia zaidi timu za Ulaya kwenye kibanda umiza, banda la kuonyeshea mpira, kuliko timu ya wilaya yao. Mpira wa kwenye skrini hauna ugenini. Unaweza kumtukana mpinzani wako kwenye kundi la simu tangu asubuhi, ukalala bila kujua kama ana mama, kama ana jicho linalouma. Mtu aliyesafiri hadi uwanja wa wenzake hawezi kujidanganya hivyo. Anawategemea wale wale anaotaka wafungwe wamwonyeshe choo, wamuuzie maji, wamrudishie mwenzake aliyesahaulika. Na siku ya mnada tunakutana tena, tunauziana mbuzi, mabinti zetu wanaolewa kwao na wao wanaoa kwetu. Hatuna mahali pa kukimbiana.

Wiki chache kabla hajafariki nilikwenda kumtazama. Alikuwa mwembamba, sauti imebaki ndogo, lakini alijua msimamo wa ligi kuliko mimi. Nilimwambia nataka siku moja kuandika habari zake, jinsi alivyotupatanisha na watu wa Hanang. Akakunja uso.

"Usiandike kwamba nilikuwa mpatanishi."

"Niandike nini basi, mama?"

"Andika kwamba nilikwenda kutazama mpira. Na kwamba tulishinda."

Tulimzika alasiri ya siku ile ile aliyofariki. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyotegemea, na miongoni mwao alikuwapo mfugaji mmoja wa Getanuwas, huko Hanang, amekuja na pikipiki, vumbi hadi kwenye nyusi. Sikumfahamu. Nilimuuliza kama ni ndugu wa marehemu. "Hapana," alisema. "Alikuwa mpinzani wetu." Kisha akaenda kushika koleo, akasubiri zamu yake ya kutupia udongo.

Nimetii agizo lake kadiri nilivyoweza. Alikwenda kutazama mpira, na tulishinda. Lakini agizo lile lenyewe limenifundisha, na nafuu niliyoihisi shambani inazidi kila ninapolifikiria. Mara nyingi tunadhani ili watu wa pande mbili wakae kwa amani ni lazima mtu aache upande wake, ajifanye hana timu, hana dini, hana chama, hana kwao. Mama huyu hakuacha chochote. Alikaa katikati ya wapinzani akiwa na ushungi wa rangi yetu, akashangilia goli letu masikioni mwao, na mmoja wao akaja kumzika. Kumtakia mwenzako afungwe si dhambi. Dhambi ni kutotaka afike kwake salama.