Ukuta Baina Yangu na Binti wa Chuo

Kuishi Kisauni karibu na chuo ni kuishi na watoto wa watu usiowajua hata koo zao. Nyumba yetu ina vyumba sita na korido moja. Vitano wanakaa wanachuo, cha mwisho ni changu. Wanakuja na magodoro yao, wanasoma, wanaondoka, wanakuja wengine. Nilikuwa nimewazoea, mpaka binti mmoja wa bara alipohamia chumba kinachopakana na changu.

Siku ya kwanza tu, nipo mlangoni napepeta mchele, akapita akaniambia, "Niaje mathe!" Mimi! Na mvi zangu, na wajukuu zangu, naambiwa niaje! Nikamwita. "Mwanangu, huku mkubwa huamkiwa shikamoo." Akacheka, akasema, "Sawa mathe," akenda zake. Loo! Nilihisi nimevuliwa leso mbele za watu. Tangu siku hiyo nikamnunia. Akinisalimia, natazama pembeni. Na sisi watu wa pwani tukinuna, tunanuna kweli. Miezi miwili sikumjibu hata neno.

Wenzake walipomaliza mitihani wakaenda makwao, yeye akabaki. Jumanne moja mlango wake haukufunguka. Nikasema moyoni, haya, na yeye kaninunia, tuone nani atachoka. Ndara zake zilikuwa hapo nje. Nikazipita nikienda kuteka maji, nikazipita nikirudi. Jumatano mchana nikasikia ukuta unagongwa. Ngo, ngo, ngo. Kimya. Kisha tena. Nikadhani ananichokoza, wallahi hivyo ndivyo nilivyodhani. Nikaongeza sauti ya redio, nikaendelea kukuna nazi.

Alhamisi asubuhi akaja mwenzake wa darasani kumtafuta. Akabisha hodi weee, akapiga simu, tukaisikia ikilia mle ndani. Tukausukuma mlango mpaka komeo likang'oka. Mungu wangu! Binti alikuwa sakafuni, upande wa ukuta wangu, midomo imepasuka, mwili unawaka, macho yamepinduka. Kando ya mkono wake palikuwa na kikombe cha bati. Hicho ndicho alichokuwa akigongea. Nikakaa pale pale chini, nimetumbua macho tu. Yule mwenzake akanikemea, "Mama, shika miguu!" Ndipo nikainuka, tukambeba mpaka kwenye tuktuk.

Hospitalini walisema malaria imempanda kichwani, na kwamba siku moja zaidi tungekuwa tunazika. Nilijiona muuaji, sikufichi. Nikakaa naye, nikimpangusa uso, siondoki ila kwenda kuoga. Jumamosi akafumbua macho, akameza uji vijiko vitatu.

Jumapili mamake akafika kutoka bara, begi bado liko begani. Akanishika mikono yote miwili, akalia, akanishukuru mpaka nikatamani ardhi ipasuke. Wauguzi walikuwa wamemwambia kwamba mimi ndiye niliyemleta. Kisha akajifuta machozi, akaniuliza, "Lakini mama, siku zote hizo mwanangu hakuita mtu?"

"Hakuita," nikasema.

Binti alikuwa macho. Alinitazama kwa muda, kisha akamwomba mamake maji ya kunywa.