Maziwa ya Ng'ombe Wangu

Nimechoka, na sioni haya kulisema. Miaka miwili sasa, kila Ijumaa natoka ofisini mjini Meru napanda hadi nyumbani Nyambene kumwogesha Baba, kumkata kucha na kumfunga vifungo vya shati. Jumapili jioni narudi kwenye chumba changu cha kupanga Majengo nikiwa hoi kuliko nilivyoondoka. Watu kanisani husema nina baraka. Waje wafue mashuka basi.

Baba ana ugonjwa wa kutetemeka. Una jina la Kizungu ambalo Mama hulitamka kivyake kila siku, na hakuna anayemsahihisha. Ulianzia kwenye kidole gumba cha mkono wa kulia, kikawa kinacheza chenyewe akiwa ameketi tu. Tulisema ni miraa. Kwetu mzee akitetemeka, husemwa ametafuna kupita kiasi. Basi tukamkataza, na yeye, aliyezaliwa katikati ya miraa, akakaa mwaka mzima bila kutafuna kijiti hata kimoja. Mkono ukazidi kucheza.

Mwishowe daktari alitueleza kwamba ndani kabisa ya ubongo kuna sehemu ndogo inayotengeneza kemikali ya kulainisha mwendo. Ukitaka kuinua kikombe, agizo hupitia huko kabla ya kushuka kwenye mishipa ya fahamu hadi mkononi. Kwa Baba sehemu hiyo inakufa polepole. Mkono wenyewe ni mzima, ila agizo linaufikia likiwa limevurugika. Akaandikiwa vidonge vya kumrudishia kile ambacho ubongo hautengenezi tena, mara tatu kwa siku.

Sasa, kwetu dawa kali haimezwi na maji matupu. Itakula tumbo. Humezwa na kitu kizito, na hakuna kizito kama maziwa. Nikachukua mkopo nikawanunulia ng'ombe. Kila asubuhi nilimpigia Mama simu kabla sijavaa viatu. "Amemeza na maziwa?" "Amemeza." "Kikombe kizima?" "Kizima." Siku moja alisema amesahau, nikamfokea, mama yangu mzazi. Hakusahau tena.

Mwaka huu kaka yangu, kitinda mimba wetu, akapata mchumba. Kwetu ukienda kuomba msichana unabeba ncoolo, fungu la miraa teule lililovikwa majani ya mgomba na kufungwa kwa kamba zake. Wazee wa kule hulitazama fungu hilo kabla hawajakutazama wewe. Na Baba ndiye aliyekuwa akiwafungia wanaume wa kijiji chetu. Nusu ya ndoa za hapa zilipita mikononi mwake. Akasema la mwanawe atalifunga mwenyewe, kwa sababu likifungwa na mwingine ndugu zake wataona amekwisha kuzikwa.

Zilibaki wiki tatu. Alijaribu na vijiti vya kuni, na kila mara vilimwagika mapajani. Mara ya nne aliacha kujaribu akalia. Sikuwa nimewahi kumwona Baba akilia, nikatoka nje nikajifanya natafuta kuku.

Ikiwa imebaki siku moja tu, nikampeleka kliniki nikiwa na hasira zangu zote, nidai dawa yenye nguvu zaidi. Tulimkuta daktari mwingine, mwanamke mpole. Akauliza Baba anameza dawa na nini. Nikajibu kwa maringo kabisa: maziwa, tena ya ng'ombe wetu. Akaweka kalamu chini.

Alisema maziwa, maharagwe, nyama, vyakula vyote vya kujenga mwili, hugombania mlango mmoja na dawa hiyo, kwanza utumboni, halafu tena kwenye kuingia ubongoni. Maziwa yakiwa mengi, dawa hubaki nje. Ingefaa ameze na maji, kisha asubiri kama nusu saa ndipo ale.

"Nani aliwaambia ni maziwa?" akauliza.

"Ni mimi," nikasema.

Nilimwambia Mama jikoni. Akasema "sawa," akarudisha kikombe cha Baba kwenye rafu. Afadhali angenigombeza.

Asubuhi ya safari alimeza na maji, tukasubiri. Kwa muda mkono uliendelea kucheza. Kisha ukapunguza, ukatulia, si kabisa, lakini ulitosha. Akapanga vijiti kwa urefu, akavifunika kwa majani, akalowesha kamba kwa mate, akazungusha na kukaza kwa meno. Hakuna aliyemsaidia. Fungu likakaa imara, na mimi nikalia hapohapo mbele yao, machozi na makamasi.

"Kumbe ni mimi niliyekuzuia," nikamwambia.

"Nilijua," akasema Baba, akiwa bado analitazama fungu. "Ile miezi ng'ombe alipokauka kabla ya kuzaa, siku ulizokuwa mjini nilikuwa nafunga viatu mwenyewe. Akazaa, maziwa yakarudi, mikono ikaharibika."

"Lakini ile miezi Mama alikuwa akiniambia ananunua kwa jirani, kikombe kizima."

Mama akaangalia sakafu. "Ungefoka," akasema.

"Na wewe, Baba, kwa nini hukusema?"

"Ng'ombe ulimnunua wewe, binti yangu. Ningekataaje?"

Walikwenda, na fungu likapokewa. Kaka yangu anasema mzee mmoja wa kule aliuliza limefungwa na nani, na Baba akainua mkono, ulioanza tena kutetemeka.

Jumatatu asubuhi, kabla ya kuvaa viatu, nilipiga simu nyumbani. Sikuwa na la kuuliza, nilitaka tu kujua wameamkaje. Mama alipokea, na kabla sijamsalimu akasema upesi, "Na maji. Maji matupu. Kikombe kizima."