Namba Moja Yangu ya Kakuma

Mkasa huu nimeuficha muda mrefu, lakini kwa vile sokoni Lodwar bado kuna watu ambao wakiniona tu wanalia kama ng'ombe, afadhali niusimulie mwenyewe kabla hamjausikia ukiwa umetiwa chumvi.

Mimi ni Mturkana niliyelelewa Kitale, na wakati huo Kiturkana changu kilikuwa kinaishia kwenye salamu, "ejok" (nayo nilikuwa naitamka vibaya). Nilikuwa kwenye majaribio katika redio moja ndogo ya Lodwar, na bosi, Bwana Ekal, aliponiuliza kama lugha naijua, nikajibu "kabisa" bila hata kumeza mate. Neno moja tu, jamani. Kazi niliitaka kwa kufa na kupona, maana mama nilikuwa nimeshamwambia kwamba nimeipata.

Basi nikapelekwa Kakuma kwenye tamasha la muziki la uwanjani, nikaambiwa nitazame wote, kisha jioni nipande jukwaani nitaje maonyesho matano bora, redio ikirusha moja kwa moja. Bosi akataka kunipa mtu wa kunitafsiria, nikakataa (kiburi si maungwana, nilikuja kujua).

Kazi nilifanya, nisiwafiche. Jua linachoma, vumbi limejaa daftarini, hata chai sikuondoka kwenda kunywa. Vijana wa Lodwar walifokafoka, ngoma za Sudan Kusini zikatutetemesha, na kwaya ya kina mama Wakongo kutoka kambi ya wakimbizi ikaimba mpaka mwili ukanisisimka, halafu hapo katikati baba mmoja wa makamo, shuka begani, akapewa maikrofoni. Hakuwa na ala yoyote. Alianza taratibu, akainua mikono juu ya kichwa, mmoja ameupinda, sauti ikapanda, ikakatika, uwanja mzima ukatega sikio. Jambo moja la kwetu nililijua: mwanamume humwimbia maksai wake kipenzi, na mikono ile ndiyo pembe zake. Nikaandika, namba moja, uchungu mtupu.

Jioni nikapanda. Nikataja wa tano, wa nne, wa tatu, kwaya ya pili, kisha kwa sauti yangu nzito ya redio nikamtangaza mshindi, baba wa maksai. Kicheko kikaanzia nyuma kikaja mbele, na yule baba akapanda jukwaani mbio mbio, uso umejaa matumaini.

"Binti yangu, umeiona wapi?"

"Nini, baba?"

"Ng'ombe yangu. Ile ya pembe moja imepinda. Imepotea siku tatu, ndiyo nilikuwa naambia watu."

Yote hayo hewani, na nyumbani Lodwar bosi anasikiliza. Mama Furaha, kiongozi wa kwaya, akasimama mikono kiunoni, akauliza watu wote wasikie: "Sisi tulifanya repetisyo, mazoezi kila siku, miezi tatu, na tunapitwa na ng'ombe ya kupotea?"

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini yule baba alikuwa bado amesimama ananingoja, hacheki, na nikaona kumwacha hivyo ni aibu kubwa kuliko kuchekwa. Nikakaza mkono kwenye maikrofoni, nikasema Kiturkana sikijui, nilidanganya, na namba moja ni kwaya. Kisha nikamwomba baba anieleze ng'ombe wake polepole kwa Kiswahili, rangi, pembe, alama ya sikio, nikamtangaza ng'ombe huyo mara tatu, na waliotaka kucheka wakacheka.

Bosi hakunifukuza. Alisema tangazo lile ndilo kitu pekee nilichofanya sawasawa siku ile, akanipa kazi ya kusoma matangazo ya mifugo iliyopotea, kila asubuhi, kwa Kiturkana. Nimejifunza neno kwa neno, nikikosea narudia, na siachi ng'o. Nisichokijua siku hizi nasema sikijui, hata mbele ya bosi.

Ng'ombe alipatikana. Baba akaja mpaka studioni Lodwar kunishukuru, akasimama mbele ya maikrofoni, akafumba macho, akainua ile mikono yake. Nikamgusa bega kwa heshima, nikamuuliza kwanza, kwa Kiturkana changu cha kuokoteza, kama huo ni wimbo au ni tangazo.